Marobota Yenye Chumvi

4 Machi

Mdogo wangu Mkia,

Salamu kwanza, maana nisipokusalimia hukawii kusema dada siku hizi ana barua za kikazi tu. Mama hajambo, ila meno. Mimi sijambo, ila mgongo. Wengine wapo kama ulivyowaacha, wanalalamika. Simu usinipigie, mnara wetu umelala tangu ule upepo, na fundi anakuja kesho kila siku.

Barua hii anayo Nahodha wa boti pamoja na marobota ya chupa za plastiki. Nakuomba ufungue robota moja, utoe chupa, uitazame kwenye jua. Uone kazi ya wanawake wa bandani. Asubuhi tunachambua, nyeupe huku, za rangi kule, vifuniko kwenye ndoo, halafu tunajitwika mpaka ufukweni na kuziosha hadi zinateleza mkononi. Mama Pacha mikono imempasuka kwa chumvi. Anaipaka mafuta ya kupikia na kuendelea. Nikimwambia apumzike, ananiuliza kama nimeshampata mtu mwingine wa kunichosha masikio. Maji ya kisima hatugusi hata tone, hayo ni ya kunywa. Bahari ipo, haina bili.

Mwenye Duka ananicheka, anasema taka ni taka, kwa nini uiogeshe. Nikamwambia sisi Mama katulea hivi: chombo cha jirani hakirudi kichafu. Sasa nipeleke ng'ambo chupa zinazonuka juisi, watu waseme kisiwa kile hawajui maji?

Sasa sikiliza. Mkutano wa kisiwa ni mwanzoni mwa Juni. Shimo la taka tulilolisimamisha kwa majaribio, siku hiyo litafungwa moja kwa moja au litafunguliwa tena. Unalijua lilipo, na kisima unakijua kilipo, na kisiwa chetu ukichimba kwa kijiko unakuta maji. Kabla ya majaribio chai ya Mama ilikuwa na ladha ya betri. Sasa angalau ni chai. Mwenye Duka anataka lifunguliwe. Anasema tunahamisha taka tu, hatujui zinakoishia. Nikasimama mbele za watu, mimi mwenyekiti wao, nikamjibu kwamba mdogo wangu ndiye mpokeaji wa mizigo getini, kwenye yadi ile ile ya ng'ambo inakosagwa plastiki yetu, na hakuna chupa yetu hata moja iliyowahi kutupwa. Nilisema hata moja, Mkia. Neno langu ndilo kifuniko cha lile shimo kwa sasa.

Kwa hiyo niandikie barua ndefu, yenye maelezo, niwasomee. Wanasemaje huko kuhusu marobota yetu?

Dada'ko


19 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Marobota yamefika salama. Yanasifiwa.

Sisi hatujambo. Wifi yako anakusalimia. Mwambie Mama meno asiyavumilie, kwenye zahanati daktari wa meno hupita.

Nilikuwa nawaza, dada. Kwa kuwa Mama Pacha mikono imempasuka, je, haiwezekani mkapunguza kuosha? Mkaosha kidogo tu. Au siku moja moja. Nawaza tu.

Mkutano utakwenda vizuri, usiwe na wasiwasi. Samahani kwa ufupi wa barua, jioni siku hizi nina shughuli.

Mkia


6 Aprili

Mkia,

Barua gani ile? Nimeisoma mbele ya wanawake bandani nikiwa nimesimama, na kabla sijavuta pumzi imekwisha. "Yanasifiwa." Na nani? Kwa maneno gani? Mama Pacha kauliza kama karatasi nyingine imeanguka majini.

Tena unatuambia tuoshe kidogo. Nimekaa na maneno yako siku nzima nikaona afadhali nikuulize: umeanza kutuonea aibu? Umeshakuwa mtu wa mjini, kazi ya mikono unaiona ya watu wasio na akili? Kama ni huruma kwa Mama Pacha, nashukuru, lakini yeye mwenyewe amekasirika. Anasema akiosha nusu, ni bora asioshe. Tangu siku hiyo anasugua mara mbili.

Halafu kuna jingine. Nahodha ameniambia alipita kwako kuleta mzigo wa Mama akakukuta uani umekunja suruali mpaka magotini, umeinamia mabeseni, maji kila mahali, na mkeo amekaa mlangoni amenuna, hakumpa hata kiti. Hukutaka kumwambia unafua nini. Ulisimama mbele ya beseni, anasema, kama unalikinga. Mkia, mtu anatoka kazini amechoka, anarudi nyumbani kuwa dobi? Ndiyo hizo "shughuli za jioni"? Wanaume kufua si vibaya, mimi ndiye niliyekufundisha kufua. Lakini mke aketi mlangoni akikusimamia kama msimamizi wa barabara, hilo silikubali. Nimemwandikia barua yake peke yake, iko ndani ya bahasha hii. Umpe ikiwa imefungwa. Nakujua.

Dada'ko


21 Aprili

Wifi yangu,

Barua yako nimeipata. Mume wangu kanipa ikiwa imefungwa, kama ulivyomwagiza, kisha akasimama hapo hapo akinitazama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Nimeisoma yote. Umeniita mvivu mara mbili, na mara moja umeniita "malkia wa kizingiti". Hilo la mwisho nimelipenda, nitalitumia kwa mtu mwingine.

Nilikuwa nimeapa kunyamaza. Lakini mficha uchi hazai, na mimi siwezi kutukanwa kwa ajili ya uchafu usio wangu. Mume wangu hafui nguo, wifi. Anaosha chupa zenu.

Tangu mwaka jana. Marobota yakishafika yadini, anayapakia kwenye mkokoteni baada ya kazi, anayaleta hapa uani, anayafungua, anasuuza chupa moja moja kwa maji ya bomba, anazianika, anafunga upya kwa kamba zenu zile zile ili zionekane hazijaguswa, na kuzirudisha yadini. Maji ya bomba hapa kwetu hutoka kwa zamu. Siku ya zamu mimi najaza ndoo za kupikia, yeye anajaza mabeseni ya chupa. Maji anayoyamwaga yameua mchicha wangu wote wa nyuma ya nyumba. Hapo ndipo nilipoanza kukaa mlangoni na kununa. Sasa umeelewa kiti alichonyimwa Nahodha. Viti vyote vilikuwa vimeanikiwa chupa.

Sababu ni chumvi. Marobota yenu ya mwanzo kabisa, Msimamizi wa yadi alipitisha kidole ndani ya chupa, akakionja, akatema. Akasema mashine yao ya kusaga ni ya chuma, na chumvi inakula chuma. Akaamuru marobota yapakiwe kwenye lori la taka, yakapelekwa jalalani. Mume wangu alirudi nyumbani siku ile hakula. Akaniambia, "Nikimwambia dada, ataosha kwa maji ya kisima. Na asipoosha kwa kisima ataacha kabisa, na watarudi shimoni. Hakuna njia ya tatu." Basi akawa yeye ndiye njia ya tatu.

Sasa sikia lililonifanya nishike kalamu. Juzi nimechoka, nikaenda yadini mwenyewe. Nikamuuliza Msimamizi, hivi chupa zisipooshwa kabisa mnazikataa? Akanishangaa. Akasema, "Nani aliwaambia waoshe? Sisi tunazisaga, tunaosha wenyewe humu ndani. Tunataka zimwagwe kilichomo, zikauke, basi." Nilikaa kwenye ngazi ya ofisi yake nikacheka mpaka wakaniletea maji. Mume wangu hakuwahi kuuliza. Aliogopa wakianza kuulizana, jina la kisiwa chenu litaharibika.

Mwache mdogo wako apumzike. Na mchicha wangu unakudai wewe.

Wifi yako, malkia


30 Aprili

Mkia,

Nimeambiwa. Usimgombeze mkeo, na umwambie nimeyala maneno yangu yote na yana pilipili. Mbegu za mchicha namletea kwa mkono wa Nahodha.

Na wewe, nikuambie nini? Nilipomaliza ile barua nilicheka kidogo, nikamwona mdogo wangu kakunja suruali. Kisha nikaenda bandani nikaketi juu ya robota nikalia, kwa hasira, nisikufiche. Umetusuuzia nyuma yetu kama mama anayefuata mtoto aliyejifunza kula, akiokota punje sakafuni. Mtoto anajiona amekula vizuri.

Uliona siwezi kuambiwa, hilo ndilo linaloniuma. Kazi uliyoifanya ni kubwa, najua ni mapenzi, na Mungu akulipe. Lakini ungeniambia neno moja tu, "chumvi", tungeuliza, tukajibiwa, na Mama Pacha angekuwa na mikono leo. Nilisema mbele za watu hata moja haijatupwa, na wewe ukanijibu "yanasifiwa". Sasa mimi ni mwongo niliyesema kweli niliyoijua, na wewe ni mkweli uliyeniacha niseme uongo. Sijui nani kati yetu ana hali mbaya zaidi.

Kuosha tumeacha leo. Nimewaambia wanawake tupumzike kwanza. Sijawaambia kwa nini. Mama Pacha ananitazama kwa jicho la pembeni, anadhani naumwa.

Mkutano unakuja. Nitasimama niseme nini?

Dada'ko


12 Mei

Dada yangu,

Nakuomba usome barua hii ukiwa peke yako.

Makosa yangu nayakubali na sina cha kujitetea. Siku ile chupa zilipotupwa, nilikuwa getini na kitambulisho cha yadi shingoni, na nilijiona kama ni mimi niliyetupwa. Nikasema nitasuuza safari hii tu, nitamwambia dada safari ijayo. Safari ijayo ukaandika kwamba chai ya Mama imeanza kuwa chai. Ningekuambiaje? Safari iliyofuata ikawa ngumu zaidi ya ile ya kwanza.

Lakini sasa mambo yamenyooka, dada. Msimamizi kasema zije kavu bila kuoshwa, atazipokea zote. Kosa limekwisha. Waambie tu kwamba yadi imebadili utaratibu, kuosha hakutakiwi tena. Huo hata si uongo mkubwa. Yale marobota ya mwanzo yaliyoko jalalani hakuna anayeyajua isipokuwa sisi watatu. Ukiyataja, Mwenye Duka atasimama na kusema si niliwaambia. Watu watapiga kura kwa hasira. Shimo litafunguliwa, mvua zitashusha uchafu kisimani, na Mama anakunywa pale. Funika kombe mwanaharamu apite. Kwa ajili ya Mama, si kwa ajili yangu.

Mkia


10 Juni

Mdogo wangu,

Sikufunika.

Nilikusudia kufunika, nikuambie ukweli. Barua yako nilikuwa nayo kwenye mfuko wa gauni, na maneno uliyonipa nilikuwa nimeyakariri: yadi imebadili utaratibu. Ukumbi ulijaa mpaka watu wamekaa madirishani. Mwenye Duka akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mwenyekiti, bado unatuhakikishia hata chupa moja haijatupwa?" Nikafungua mdomo. Mama Pacha alikuwa mstari wa mbele, mikono juu ya magoti, viganja juu, maana akiikunja inamuuma. Nikaona nikisema lile la utaratibu, itabidi niseme nikiitazama mikono ile. Nikashindwa.

Nikawaambia yote. Chumvi, jalala, mabeseni yako. Nikawaambia kwamba mimi ndiye niliyesema tuoshe, hakuna aliyetuomba, nilisema kwa sababu ya majivuno ya usafi, na sikuuliza.

Nilitegemea Mwenye Duka acheke. Ningependa angecheka. Mama Pacha ndiye aliyesema, tena polepole, "Kwa hiyo mikono hii ilikuwa ya nini?" Nilimwambia naomba radhi. Akainuka akatoka, na wanawake wa bandani wakamfuata. Kelele zikaanza. Wengine shimo lifunguliwe leo leo, wengine tumefanywa wajinga na familia moja, mwingine kauliza kama kuna mshahara wa kuosha tunaoula mimi na wewe. Uenyekiti nimeuacha kabla hawajaninyang'anya.

Mwishowe Mwenye Duka akasema jambo ambalo sikulitarajia. Akasema shimo libaki lilivyo, lisifunguliwe wala lisifungwe, mpaka watu wawili wakapande boti wakaone kwa macho yao taka zetu zinafika wapi. Si kwa kuambiwa na dada wala na mdogo wake. Wakamchagua yeye. Wa pili wakamtafuta Mama Pacha nyumbani kwake. Alikubali, ila kwa sharti kwamba mimi nisimpe salamu zozote za kupeleka.

Kwa hiyo wanakuja, safari hii hii, na barua hii anayo Mwenye Duka. Wakirudi wataongea wao, na kisiwa kitaamua kwa maneno yao. Mimi nitakaa nyuma kama mtu mwingine. Naogopa, Mkia. Kila nikichota maji kisimani naogopa. Lakini nakuagiza kama dada: wapeleke kila mahali. Wapeleke na jalalani. Usiwafichie kitu kwa kunipenda.

Dada'ko


28 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Umetaka barua ndefu tangu Machi, leo utaipata.

Walifika wamechoka, na hawakutaka kunywa chochote kwangu mpaka waone. Wifi yako alijaribu kumtania Mama Pacha kuhusu chupa na mchicha. Mama Pacha hakucheka, lakini alimshika mkono akamgeuza kiganja, akakuta na cha wifi yako kina nyufa. Maana alikuwa akinisaidia, dada. Hilo hakukuandikia. Basi wakakaa jikoni wao wawili na mimi nikatolewa nje.

Yadini Msimamizi aliwaonyesha mashine. Mama Pacha aliingiza mkono kwenye pipa la plastiki iliyosagwa, akauliza kama zetu zimo. Msimamizi akasema zimo, zile zilizosuuzwa. Akauliza na zile ambazo hazikusuuzwa. Msimamizi akanitazama mimi. Nikasema nitawapeleka.

Tulikwenda kwa miguu. Jalala liko nyuma ya mtaa, juu kidogo, na chini yake kuna nyumba zimeshikana. Nilitafuta na kutafuta mpaka nikaiona kamba yetu ya buluu, na fundo lako. Mengine yamepasuka, mengine yamefukiwa na taka za watu. Mwenye Duka alivuta mfuko mmoja uliotokeza, ukaja na muhuri wa duka lake. Aliukunja akautia mfukoni. Nilijiandaa kusikia si niliwaambia.

Yeye alikuwa anatazama kule chini kwenye nyumba, ambako mama mmoja alikuwa anapiga pampu, anajaza ndoo. Akaniuliza, "Wale wanakunywa maji gani?"

Dada, mimi napita pale kila siku nikienda kazini. Nilisuuza chupa mwaka mzima ili Mama apate chai nzuri, na sijawahi hata siku moja kujiuliza wale wanakunywa nini. Nilisema sijui. Basi akashuka kwenda kuuliza mwenyewe, na sisi nyuma yake. Yule mama akatujibu kwamba wanachemsha, ila ladha haitoki. Mwenye Duka akaomba aonje. Akanywa, akarudisha kikombe, akamshukuru. Tulipanda tena juu.

Mama Pacha ndiye aliyeanza. Alishika robota akalivuta. Nikamwambia utajiumiza. Akasema, "Haya ni yetu." Tukavuta wote watatu. Mlinzi wa jalala akaja mbio, akasema tangu aanze kazi ameona watu wakileta, hajaona anayechukua, na akataka kujua tumeficha nini ndani. Mama Pacha akamwambia tumeficha aibu, akitaka atafute. Akaishia kutuazima mkokoteni. Hatukuyapata yote. Yaliyo chini kabisa hayatoki tena, na mengine yameshaoza kamba, na sijui la kufanya nayo. Tuliyoyapata ndiyo hayo. Bomba letu la zamu haliyatoshi, kwa hiyo Msimamizi kasema mkiyaacha huko kisiwani kwenye mvua hadi chumvi iishe, atayapokea kama mengine.

Gatini Nahodha alikataa. Alisema boti imejaa mizigo ya duka, na tangu lini mtu akapeleka taka kisiwani. Mwenye Duka akapanda, akaanza kushusha kreti zake za soda, moja baada ya nyingine, akizipanga gatini mpaka nafasi ikatosha. Wakati wa kumpa mkono nilimuuliza atasema nini kwenye mkutano. Akasema ataanza kwa kuwaeleza kwa nini duka halina soda. Kisha akasema shimo litafukiwa, na kwamba fundi wa kufukia anaweza kuwa yeye. Mama Pacha alikuwa ameshakaa juu ya marobota. Aliniambia sasa naweza kukupa salamu zake.

Sikufichi, dada, yananuka, na yatanuka zaidi yakilala juani njiani. Watu wataziba pua. Usiyapeleke bandani kwa njia ya nyuma. Yapokee gatini, mchana, kila mtu akiona.

Mkia